Ncha ya Pili ya Shuka

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Bi Msimamizi anastaafu mwisho wa mwezi. Magoti yamemkataa. Ametutangazia mwenyewe asubuhi katikati ya chumba cha kukunjia, mkono kiunoni, akatuambia tusimlilie maana machozi yanaacha alama kwenye nguo nyeupe. Hakuna aliyekuwa analia.

Nafasi hiyo ni yangu. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa kuwatazama waliobaki.

Msimamizi hakunji. Anakaa kwenye kiti chenye mto, ananyoosha kidole. Sisi wengine tunakunja mashuka ya hoteli na ya hospitali kutwa nzima, wawili wawili, kwa sababu shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Wewe unashika ncha mbili, mwenzako ncha mbili. Mnavuta, mnalikung'uta mpaka lilie, mnakunja kwa urefu, kisha mnaendeana kama watu wanaotaka kusalimiana. Mmoja anapokea, mwingine anainama kudaka mkunjo. Likigusa sakafu linarudi kufuliwa. Ndiyo sheria ya hapa, na Bi Msimamizi analiona shuka lililogusa sakafu hata akiwa chooni.

Mwenzangu wa shuka ni Shemeji, mdogo wake mke wangu. Mkono mwepesi kuliko wote. Mke wake ana mimba kubwa, kwa hiyo siku hizi anakunja kama anayekimbizwa. Yeye ndiye aliyeniombea kazi hapa, jambo ambalo halitaji kamwe, nami namsaidia kutolitaja.

Sasa mkakati. Anayetoa vyeo ni Meneja. Meneja ni mtu wa kufunga mdomo. Ukimwambia paa linavuja anakujibu kwamba atafuatilia. Lakini uchaguzi wa diwani ni Jumapili ya wiki ijayo, na hata Meneja hakosi upande. Nikiujua upande wake, nitatangulia nikasimame hapo, ili akigeuka anikute.

Saa ya chai nikapita nyuma ya gari lake kama mtu aliyeangusha kifungo. Kwenye kioo cha nyuma: kofia ya chama cha Kengele! Ya njano, mpya. Kando yake kiatu kimoja cha mtoto na miwani iliyovunjika mkono. Hayo mengine si ya siasa, sikuyatilia maanani.

Basi. Kengele.

(Mimi moyoni ni Ndoo. Naandika hapa tu. Diwani wa Kengele amekalia kile kiti tangu mke wangu hajawa mke wangu, na mabomba ya mtaani kwetu yanatoa upepo. Kutwa nashinda kwenye maji ya kuogelea, jioni narudi nyumbani na dumu la maji ya kazini begani ili watoto waoge. Yule Mwalimu mstaafu anayegombea kwa Ndoo anasema atashughulikia mabomba kabla ya kitu kingine chochote. Namwamini. Lakini imani ni vazi la ndani, kama chupi. Huvai juu ya suruali.)

Jumanne, 4 Machi

Nimetangaza! Saa ya chai, chumba cha pasi, mlango wazi upande wa ofisi ya Meneja. Nikasema, kwa sauti ya mtu asiyejali, kwamba mimi binafsi nikitazama kwa undani naona Kengele. Nikasema "uzoefu". Nikasema "utulivu". Maneno mazuri sana hayo. Hakuna anayeweza kuyapinga kwa kuwa hayajasema kitu.

Watu wakanitazama mimi, wakautazama mlango wa Meneja, wakanitazama tena. Nikagundua wanadhani kuna kitu nakijua. Nikakohoa kama mtu anayekijua.

Wa kwanza kuingia alikuwa Pasi Moto, jamaa wa mashine ya kupigia pasi, mtu ambaye huongei naye, unamkatiza tu. Wiki iliyopita alikuwa anamtukana diwani mpaka mate yanaruka kwenye foronya. Leo kasema Kengele kwake ni damu, imeanza kwa babu yake. Babu yake! Baada yake wafuaji, halafu dereva. Chai inaisha, chumba kizima ni Kengele, na kila mmoja anaapa kwamba alikuwa Kengele kabla ya jirani yake.

Mama Pacha peke yake hakuwa na la kubadilisha. Yeye anashona viraka kwenye mashuka yaliyochanika, na amekuwa Kengele miaka yote bila kumsumbua mtu. Pacha wake mmoja alipozidiwa na homa, diwani alimpakia kwenye gari lake mwenyewe hadi hospitali. Hajasahau. Akanitazama juu ya kikombe akaniuliza nimeanza lini. Nikamjibu mambo ya moyoni hayana tarehe. "Haya," akasema. Ile "haya" sikuipenda.

Shemeji alikuwa uani anaanika. Hakusikia.

Nyumbani ni Ndoo. Mke wangu ni Ndoo. Mama mkwe, aliyekuja kutibiwa mgongo na mgongo ukapona na yeye akabaki, ni Ndoo wa kuimba. Tukaimba wote jioni, Shemeji akiwa amepita kutusalimia. Sauti yangu ya pili si haba.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa.

Asubuhi ilianza vizuri. Meneja katupitia akakuta tumebandika picha ya diwani juu ya mashine ya kukamulia. Akaitazama sana. Akatutazama sisi. "Safi, safi," akasema, akatoka upesi. Nikamkonyeza Pasi Moto. Umeona?

Ikaja chai. Pasi Moto anatuhubiria habari za utulivu (maneno yangu!). Shemeji akaweka kikombe chini akasema, taratibu kabisa, kama mtu anayesema sukari imepungua, kwamba yeye kura yake anampa Mwalimu. Kwa sababu ya maji. Akauliza humu ndani kuna mtu ambaye kwao bomba linatoka. Madumu yetu yamepangwa ukutani pale pale, yote, kila moja na jina la mwenyewe kwa rangi. Hakuna aliyegeuza shingo kuyatazama.

Wangekasirika ingekuwa afadhali. Hawakukasirika. Kila mtu alikuwa anamchungulia mwenzake aone leo tunavaa uso gani.

Kisha akanigeukia mimi. "Au siyo, shemeji? Juzi tu ulikuwa unaimba nyumbani."

Mungu wangu! Macho yote. Mlango wa Meneja uko wazi. Nikacheka. Kicheko kirefu cha kununua muda. Nikasema nyumbani namwimbia mama mkwe, na mama mkwe akisema maziwa ni meusi, mtu anayependa ndoa yake anauliza meusi kiasi gani. Wakacheka kuliko kichekesho kilivyostahili. Nikajua nimepona. Shemeji naye akatabasamu, lakini kwa upande mmoja wa mdomo.

Baada ya chai akachukua shuka la juu kwenye lundo, akashika ncha zake mbili, akaninyooshea zangu kama kila siku.

Chumba kikanyamaza. Niandike ukweli: sikuambiwa kitu na mtu. Hakuna aliyenitishia, hakuna aliyenikonyeza. Walikuwa wamenipa migongo wote. Lakini migongo ile ilikuwa inaniangalia. Miguu yangu, yenyewe, ikanichukua mpaka kwa Pasi Moto, mdomo ukamwuliza kama hana mtu wa kukunja naye.

Pasi Moto hakunji. Kazi yake ni pasi. Akaizima pasi, akaja kukunja.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuna aliyepanga. Hilo lieleweke. Lakini leo kila mtu amefika tayari ana mwenzake. Wengine wameingia wameshikana mikono mlangoni kama watoto wa chekechea, wasije wakabaki.

Shemeji kajaribu kulibana shuka kwenye komeo la dirisha, ncha mbili kwenye komeo, mbili mkononi. Linafaa mpaka pale pa kuendeana. Komeo haliji. Shuka likashuka sakafuni, Bi Msimamizi akanyoosha kidole, likarudi kufuliwa. La pili vile vile. La tatu akalidaka kwa meno, akaambiwa shuka la hospitali halishikwi kwa meno.

Nilimwuliza mfuaji mmoja kwa nini hawamshikii. Akasema yeye hana neno naye, ila ameona wenzake hawamshikii. Nikamwuliza mwingine. Ameona wenzake. Nikaacha kuuliza kabla hawajaniuliza mimi.

Mchana Mama Pacha alimaliza viraka vyake, akachoma sindano kwenye kitambaa cha kichwa, akaenda akashika ncha ya pili. Mama Pacha! Wa Kengele! Pasi Moto akamwita pembeni, ila pembeni ya Pasi Moto inasikika hadi barabarani, akamwuliza anashikanaje na mtu wa Ndoo.

"Shuka halina chama, mwanangu," akasema. "Nami nina watoto wa kuwahi. Nipishe."

Hatari, huyu mama. Mtu asiyekuwa na msimamo.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya fulana.

Jumapili Shemeji alituletea fulana za Ndoo, nyeupe, ndoo nyekundu kifuani, akiwa amezipiga pasi mwenyewe. Mke wangu akanivisha leo alfajiri na kunisindikiza mpaka kona, majirani wanione. Mbele ya kona nina fulana yangu ya Kengele kwenye mfuko. Mpango wa kitoto kwa urahisi wake: kona inapita, Kengele inakuja juu, Ndoo inabaki chini. Jioni kinyume chake. Mtu mmoja, mitaa miwili, amani kote.

Ambacho sikukihesabu ni kitambaa cha kampeni. Kile si kitambaa, ni ahadi.

Saa nne bomba la mvuke kwenye chumba cha pasi likaachia. Pwaaa! Nimesimama mbele yake, hatua za kutosha nisiungue. Nikalowa kuanzia kidevuni. Watu wakakimbilia kunifuta, halafu wakasimama. Nikatazama walikotazama. Kifuani kwangu, chini ya kengele ya njano, ilikuwa inajitokeza taratibu, kama jua linalochomoza, ndoo nyekundu.

Nilikufa kidogo. Kisha nikajikaza kisabuni. Nikapaza sauti kwamba nimeivaa ndani kwa makusudi, ili jasho langu lote la kutwa liishie usoni kwa ndoo yao! Kengele juu, Ndoo kwenye kwapa!

Walipiga makofi. Pasi Moto alinikumbatia nikiwa nimelowa vile vile. Akaagiza kesho kila mtu afanye hivyo. Mfuaji mmoja alicheka mpaka akakaa chini, nikaona machoni kwake hacheki.

Shemeji alikuwa mlangoni na rundo la mashuka kifuani. Alisikia yote. Alichosema ni kuniuliza kama nataka amfulie dada yake hiyo ya ndani, maana rangi nyekundu ikikaa na jasho inachuja.

Ningejibuje, watu wote wale?

Jumatano, 12 Machi

Meneja kaniita ofisini! Mimi peke yangu!

Nikaingia na kofia ya Kengele. Akaiona, akajiweka sawa kwenye kiti. Akaniambia anathamini utulivu. Nikamwambia nathamini uzoefu. Akasema hasa uzoefu. Nikasema lakini zaidi utulivu. Tulikubaliana kwa kila kitu, wanaume wawili tunatokwa jasho na feni inazunguka. Nikajiona nimeshakalia ule mto.

Ndipo akauliza habari za Shemeji. Mafungu yake yamepungua, mashuka yake yanarudi kufuliwa, naye alikuwa namba moja humu. Anaumwa? Ana tatizo na wenzake? Mimi ni ndugu, nitakuwa najua.

Jibu lilikuwa fupi. Hakuna anayemshikia ncha ya pili. Basi, maneno hayo tu. Niliyaonja ulimini. Lakini angeuliza kwa nini. Kisha angeuliza nani alianza. Na mlango ulikuwa wazi, na nje nasikia Pasi Moto anapumua.

Nikasema sijui, bosi. Labda ana mambo yake ya nyumbani.

Meneja akashusha pumzi. Akasema alikuwa na mpango na huyu kijana. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Kumbe alikuwa na mpango wa kumfukuza siku nyingi! Basi si mimi.

Jioni Shemeji akaambiwa asirudi. Kazi hii ni ya watu wawili, Meneja alimwambia, na mtu asiyepatana na wenzake haiwezi. Shemeji hakubisha. Akajaza dumu lake mara ya mwisho. Mama Pacha akamsaidia kulipandisha begani, akamwambia amsalimie mkewe, asibebe vitu vizito. Shemeji akageuka kututazama wote, mmoja mmoja, bila hasira, kama anayetafuta alikoweka kitu.

Mimi sikuona vizuri. Nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu.

Nilikuwa nimevaa kandambili.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuwaambia! Nilikuja nyumbani jana nimejiandaa kwa kila kitu, machozi yako karibu, maelezo matatu tayari. Kumbe kawaambia tu kwamba kazi imepungua. Jina langu hakulitaja.

Ingekuwa afadhali angelitaja. Sasa mke wangu ananitazama kwa matumaini. Anasema "wewe si unaelewana nao, Baba Watoto, nenda kaseme." Nikasema nitakwenda kusema. Mama mkwe haimbi tena. Anakaa mlangoni kumtazama mkewe Shemeji, nyumba ya pili, anavyotembea na tumbo lake uani kwao, anauliza hewani huyu mtoto ataogeshwa na nini.

Mke wangu kapata jibu. Kuanzia leo nabeba madumu mawili, letu na la Shemeji. Nimebeba. La pili ni zito kuliko la kwanza. Sielewi, ukubwa ni ule ule.

Nimelifikisha mlangoni kwake. Alitoka akalipokea, akanishukuru. Akaniuliza nimekunja na nani leo. Nikamwambia Meneja kanipa Mama Pacha, viraka vimehamishiwa jioni. Akasema ana bahati mtu anayekunja na Mama Pacha, haachii.

Jumapili, 16 Machi

Kura. Shule ya msingi, darasa la pili, herufi ukutani. Foleni ndefu, Pasi Moto nyuma yangu na kofia yake, mke wangu ng'ambo kwenye foleni ya wanawake ananionyesha dole gumba.

Nikaingia kwenye kisanduku cha makaratasi magumu. Peke yangu! Tangu mwezi uanze sijawahi kuwa peke yangu hivyo. Hakuna Meneja, hakuna mama mkwe, hakuna migongo. Karatasi, kalamu, na mimi. Uso wa Mwalimu hapo, mpole, ananitazama kama nimeleta kazi ya nyumbani. Nikafikiria bomba. Nikafikiria dumu la pili. Kalamu ikateremka kuelekea Ndoo, naapa.

Pasi Moto akakohoa.

Nikafikiri: haya makaratasi ni magumu kiasi gani? Kalamu ina sauti yake. Kuna sauti ya tiki ya juu na sauti ya tiki ya chini. Na hata wasiposikia, kuna uso. Mtu aliyechagua Ndoo atatoka na uso wa Ndoo. Mimi sina uso wa kuficha kitu, kila mtu anajua.

Nikatia tiki Kengele. Nikatoka na uso wake.

Mke wangu akauliza kwa macho. Ndoo, nikamjibu kwa kope. Pasi Moto akauliza kwa mdomo. Nikasema Kengele. Wiki mbili hizi, mtu wa kwanza kumwambia ukweli ni Pasi Moto.

Jumatatu, 17 Machi

Kengele imeshinda. Kwa kura chache! Tofauti yenyewe, ukiikusanya, ingeenea kwenye chumba cha pasi na nafasi ya kuweka chai ingebaki.

Nilifika kazini nimejiandaa kushangilia. Hakuna aliyeshangilia. Kila mtu alikuwa anasubiri mwingine aanze. Mwisho Pasi Moto akanivuta nyuma ya mashine ya kukamulia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanong'ona. Akasema moyoni yeye alikuwa Ndoo. Kwao maji yamekatika tangu mwaka juzi. Kengele kaipigia kwa hofu.

Nikamwuliza hofu ya nani.

"Yako wewe! Ulikuwa mkali, bwana. Mpaka shemeji yako mwenyewe ukamwacha na shuka. Nikasema huyu akinijua nitapona?"

Baada yake dereva, kwenye korido. Baada yake wafuaji wawili, kila mmoja kivyake, kila mmoja akiniomba nisimwambie mwenzake. Wote Ndoo! Wote wametia tiki Kengele! Nilishika ukuta. Nimeishi na watu waoga kiasi hiki na sikujua.

Bado kuna la pili. Mchana Meneja akafungua gari lake akamtolea dereva kiatu cha mtoto, miwani, na ile kofia ya njano. Akamwagiza awapelekee hotelini, ni vitu vya wageni vilivyokutwa kwenye mashuka machafu. Vilivyokutwa kwenye mashuka! Sote tunajua vitu hivyo hukaa kwenye gari la Meneja hadi vipate wenyewe. Mimi najua. Mwaka jana nilimpelekea huko meno ya bandia kwa mkono wangu.

Akaniona nimekodoa macho. Akanisogelea, akatazama huku na huku, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sasa yameisha, anaweza kusema: yeye ni Ndoo. Lakini alipoona wafanyakazi wote na picha ukutani na mimi na kofia, akaogopa kwamba tungemgomea na hoteli zikose mashuka. Halafu, kama aliyekumbuka, akasema inasikitisha, maana ule usimamizi alikuwa amempangia Shemeji. Ndio ulikuwa mpango. Hivi hasa kilitokea nini?

Nikasema watu walimtenga.

Akauliza nani alianza.

Nikasema ni vigumu kujua, bosi, ilikuwa kama mvuke. Lakini kwa kuwa sasa sote tunajua, nikasema, si anaweza kumrudisha? Meneja akaitazama saa yake. Akasema atafuatilia.

Na Bi Msimamizi hastaafu. Kaambiwa matokeo, kapiga hesabu, kaona nyumbani kwake hakutakuwa na maji miaka mingine mitano. Afadhali magoti yaume mahali pa kuogea.

Alhamisi, 20 Machi

Mkewe Shemeji kajifungua. Msichana. Dumu la pili limekuwa madumu mawili, jumla matatu, naenda na kurudi.

Kazini hali imebadilika kabisa, na nasema kwa unyenyekevu kwamba mimi nimechangia. Picha ya diwani imebanduliwa. Sasa inasemwa wazi: sote tulikuwa Ndoo, tumedhulumiwa. Na sote tulimpenda Shemeji. Pasi Moto anasimulia alivyotaka kumshikia shuka akazuiwa. Hasemi na nani. Mfuaji mmoja amefuta vumbi kwenye nafasi ya dumu lake ukutani. Leo saa ya chai nilisimama nikasema kwamba aliyemwacha mtu yule peke yake na shuka hana utu. Nilisema kwa uchungu. Sauti ilikatika mahali pazuri. Walipiga makofi, na wengine waliinamisha vichwa.

Kisha Pasi Moto akamgeukia Mama Pacha, kwa utani wenye meno, akamwuliza naye kama alikuwa Ndoo moyoni.

Mama Pacha akamaliza kutafuna. Akasema hapana. Kampigia Kengele, na kesho wakirudia atampigia Kengele, deni lake na yule mtu analijua mwenyewe. Kama diwani haleti maji ataenda kumgombeza mlangoni kwake, ameshakwenda mara nyingi. "Na nyinyi mngekwenda," akasema, "badala ya kukaa hapa mnabadilishana nyuso." Akanywa chai yake.

Kimya.

Nilikijua kimya kile. Watu wakatazamana, kisha taratibu, mmoja baada ya mwingine, wakageuza migongo.

Chai ikaisha. Mama Pacha akachukua shuka la juu kwenye lundo, kubwa, la hoteli. Akashika ncha zake mbili, akaninyooshea zangu. Nilikuwa nimeshazishika, hata. Zilikuwa bado na joto la pasi. Akanitazama, akangoja.

Nikaziachia. Zikateremka sakafuni. Bi Msimamizi akanyoosha kidole.

Pasi Moto alikuwa ameshazima pasi yake.

Jioni nimebeba madumu bila kuhisi uzito wowote. Safari hii nimesimama upande wa Shemeji, mbele ya watu wote, bila woga. Nimemfikishia maji yake mtoto akiwa analia ndani. Nilitaka kumsimulia pale pale jinsi nilivyompigania leo, lakini aliuliza kwanza Mama Pacha hajambo.

Nikamwambia hajambo. Mengine nitamweleza mtoto akishalala vizuri.